Inspekta Tochi Bado Yuko Kisimani

Habari aliileta Wakili, na kama kawaida ya habari za Wakili, ilifika kijiweni nusu kweli nusu chumvi. Huyu si wakili wa mahakamani. Aliwahi kuitwa mara moja kutoa ushahidi wa mbuzi aliyekula nguo za jirani kambani, na tangu siku hiyo hafungui kinywa bila "kwa mujibu wa". Alisimama mbele ya benchi lililo nje ya duka la Kinyozi, akakohoa, akanyanyua simu.

"Kwa mujibu wa taarifa hii, huko ng'ambo kuna mtu kanunua kitabu cha katuni. Cha zamani. Bei yake nyumba ya ghorofa."

"Katuni?" akauliza Gia Tano, dereva wa malori aliyestaafu lakini bado akikaa anakaa upande mmoja, kama anamwachia utingo nafasi. "Hizi za watu wenye vichwa vikubwa na miguu midogo?"

"Hizo hizo."

"Mungu wangu! Utoto wangu wote nimefungiwa karanga kwa nyumba za ghorofa!"

"Afadhali wewe karanga," Kinyozi akadakia kutoka mlangoni, mashine mkononi, mteja wake ndani kaachwa na kichwa nusu. "Kwetu zilikuwa zinatundikwa msumarini chooni."

"Usiendelee, Kinyozi, nitalia."

"Ngojeni, sijamaliza," Wakili akasema. "Sikilizeni kilichoipandisha bei. Haijawahi kufunguliwa. Tangu itoke kiwandani, hakuna binadamu aliyeisoma."

Gia Tano akakuna kidevu.

"Yaani kitabu kimepanda bei kwa sababu hakijasomwa?"

"Ndiyo."

"Basi nina tajiri nyumbani na mimi simjui. Mwanangu ana begi zima la vitabu vya shule, hajagusa hata kimoja!"

Walicheka mpaka mteja wa Kinyozi akatoa kichwa chake cha nusu mlangoni kuuliza kulikoni. Kisha macho yote yakamgeukia mtu mmoja mwisho wa benchi, ambaye hakucheka.

Makumbusho alikuwa amepakata boksi la viatu. Alipokuwa kazini alikuwa msoma mita za maji, na mbwa wote wa mji wanamfahamu. Alipostaafu, wenzake walinunua kuku, yeye akarudi kwenye ugonjwa wake wa utotoni: katuni za zamani. Alikuwa na chama chake cha wakusanyaji, watu wazima wenye wajukuu, wanaobadilishana makaratasi kwa siri kama wanaouziana pembe za ndovu. Ndani ya boksi lile mlikuwa na *Inspekta Tochi*, toleo la kwanza hadi la kumi na moja, yamechakaa, migongo imeshonwa kwa uzi na mke wake.

Na hapo ndipo penye kidonda. Toleo la kumi na moja linaishia Inspekta akiwa ndani ya kisima, kamba imekatwa na mtu asiyeonekana, tochi inafifia. Chini wameandika "Itaendelea". Kwa Makumbusho haikuendelea. Mwezi uliofuata baba yake alihamishwa kazi, wakaenda kuishi mahali ambako hata gazeti lilifika likiwa limeshafungiwa sabuni. Tangu hapo amezika wazazi, ameozesha mabinti, amepata kiinua mgongo, lakini Inspekta bado yuko kisimani. Siku hiyo, baada ya miaka yote hiyo, toleo la kumi na mbili lilikuwa njiani kumfuata pale benchini. Miwani ya kusomea alikuwa nayo mfukoni, ameifuta mara mbili.

"Makumbusho," Gia Tano akaanza, "hebu tuambie. Leo unapewa hicho kitabu?"

"Leo leo."

"Na wewe unatoa nini?"

Makumbusho akapapasa boksi. "Haya."

"Yote?"

"Chama kina utaratibu. Kilichosomwa hakilingani na kisichosomwa. Kumi na moja kwa moja."

"Hiyo hesabu mlifundishwa na nani?" Kinyozi akauliza. "Mtu anatoa gari zima ili apate gurudumu la akiba!"

"Wewe huelewi. Nataka kujua kama alitoka."

Alisema hivyo kwa sauti ya mtoto kabisa, mpaka Gia Tano, ambaye alishafungua mdomo kumchamba, akaufunga.

"Mimi nadhani alitoka," Wakili akasema. "Kwa mujibu wa mazoea, shujaa hafi."

"Na kamba alikata nani?"

"Msaidizi wake. Siku zote ni msaidizi."

"Acha kusingizia wasaidizi! Mimi utingo wangu aliniibia dizeli miaka tisa, lakini kamba asingekata!"

Mabishano yakapamba moto. Kumbe hakuna aliyekisoma kitabu, ila kila mmoja alikuwa na mkata kamba wake. Yalikatishwa na pikipiki. Akashuka mtunza stoo ya dawa ambaye wakusanyaji wenzake humwita Daktari wa Karatasi, amevaa glovu za hospitali mikono yote miwili. Hakumpa mtu mkono. Alifungua mkoba, akatoa taulo, ndani ya taulo bahasha, ndani ya bahasha nailoni iliyozibwa kwa gundi pande zote, na ndani ya nailoni, Inspekta Tochi, jalada jekundu linang'aa.

"Toleo la kumi na mbili," akasema. "Halijafunguliwa."

Makumbusho alisimama. Wakabadilishana kimyakimya, Daktari akihesabu yale kumi na moja huku akinusa moja moja, jambo lililomuudhi sana Gia Tano.

"Ananusa nini huyu?"

"Unyevu," Daktari akajibu bila kumtazama.

"Kwetu anayenusa kitu kabla ya kula huwa ni paka."

Daktari hakujali. Alifunga mkoba. Makumbusho naye akavaa miwani, akatafuta kwa kucha pale gundi ilipoanzia. Benchi zima likasogea. Hata kichwa cha nusu kikatoka.

"Unafanya nini?" Daktari akauliza, sauti imepanda.

"Nafungua."

"Ufungue? Wewe! Umesikia habari ya leo?"

"Habari gani?"

"Ile ya nyumba ya ghorofa!" Wakili akachomekea, na baadaye alijilaumu sana kwa kiherehere chake.

"Umeona?" Daktari akasema. "Ukikifungua, ni karatasi. Usipokifungua, ni mali. Shauri yako."

Akawasha pikipiki, akaondoka.

Kucha ya Makumbusho ikabaki pale pale juu ya gundi.

"Fungua, bwana!" Gia Tano akasema. "Utoto wako wote umo humo!"

"Ngoja kwanza."

"Unangoja nini? Inspekta amekaa majini mpaka amekuwa kambare!"

"Nasema ngoja! Wewe huna mali, hujui uchungu wa mali."

"Makumbusho, muda si mrefu ulikuwa unataka kujua kama alitoka. Sasa unataka nini?"

Makumbusho aliigeuza nailoni huku na huku, akaiinua kwenye jua aone kama maandishi ya ndani yanapenya. Hayakupenya. Akajaribu kukunja pembe kidogo achungulie, akaogopa mkunjo. Mwisho akakaa, akavua miwani, akairudisha mfukoni. Ilikuwa aibu kumtazama.

"Basi hivyo," Kinyozi akasema. "Mtu kangoja maji miaka yote, kaletewa, kaamua kuyafungia kabatini."

Ndipo wakasikia viatu. Mke wa Makumbusho alikuwa anavuka barabara, kanga kiunoni, na mwendo wake haukuwa wa kuja kusalimia.

"Shemeji, shikamoo," Kinyozi akajaribu, ingawa ni wa rika moja.

"Acha shikamoo zako. Baba Watoto, kabati liko wazi. Katuni ziko wapi?"

"Nimebadilisha."

"Umebadilisha? Wajukuu wanakuja jioni, nitawasomea nini? Nimeshona ile migongo kwa mikono yangu, moja moja!"

"Nimepata hii." Akaonyesha nailoni. "Ya mwisho."

Mama aliitazama. "Haya, ifungue twende tukaisome."

"Haifunguliwi."

"Eti nini?"

"Ikifunguliwa inashuka thamani."

Mama aliwageukia wale wa benchi kama anayetafuta mtu mwenye akili, hakumpata, akamgeukia tena mumewe. "Umetoa kumi na moja zinazosomeka, ukaleta moja isiyosomeka. Na kwa nini uliitaka?"

"Nijue kama alitoka kisimani," Makumbusho akasema kwa unyonge.

"Si ungeniuliza mimi."

Benchi zima likamgeukia.

"Wewe?"

"Mimi. Kaka yangu alikinunua hicho kitabu tukiwa wadogo. Nikakisoma mpaka ukurasa wa mwisho, halafu nikakitumia kufungia jalada la daftari langu la hesabu."

"Mama Watoto! Miaka yote hii tumelala kitanda kimoja, hukuniambia?"

"Siku ya kwanza kukuona na hilo boksi nilikuuliza, umefika toleo la ngapi? Ukaniambia haya si mambo ya wanawake. Nikakaa kimya, nikaendelea kushona."

Wakili alikohoa. Gia Tano akatazama viatu vyake. Makumbusho akasogea karibu na mkewe, na safari hii hakujali nani anamsikia.

"Alitoka?"

Mama akaketi kwenye benchi, akajifunga kanga vizuri, akatulia.

"Unataka nifungue, mume wangu?"

"Nakuomba."

"Nikifungua si nitashuka thamani? Na mimi ninao mwisho ambao haujatolewa hadharani tangu nikiwa binti mdogo. Huu ni mali." Akaipigapiga ile nailoni kwa kidole. "Lete kumi na moja zangu, nikupe mwisho. Huo ndio utaratibu wenu wenyewe."

Makumbusho alitazama barabarani. Vumbi la pikipiki lilikuwa bado halijatua. Alikumbatia toleo la kumi na mbili kifuani, akatimua mbio, mzee mzima, anapunga mkono mmoja na kuita, "Daktari! We Daktari!" na mbwa wawili waliomfahamu tangu enzi za mita wakamfuata wakibweka.

Alipopotelea konani, Gia Tano akajisogeza.

"Shemeji, sisi tudokeze kidogo tu. Nani alikata kamba?"

"Kwa mujibu wa haki," Wakili akaingilia, "kwanza tujuaje kama kweli anaujua huo mwisho?"

"Na mume wangu amejuaje kama ndani ya ile nailoni kuna kurasa?"

Wakili akakaa chini.

"Mna nini cha kubadilisha?" Mama akauliza.

Kinyozi akaahidi kuwanyoa wajukuu wote bure mpaka waoe. Mama akasema atafikiria. Gia Tano alijipapasa mifuko yote, hakuambulia kitu, kisha taratibu akaanza kuvua saa yake ya mkononi. Mama akaipokea, akaigeuza, akamrudishia.

"Hii imeshavaliwa, shemeji. Imeshuka."