Kikohozi cha Saba Saba

Jumanne, 24 Juni 1975

Nimejiandikisha mgambo. Si kwa kupenda vita. Ni kwa ajili ya mke.

Dorkas yuko kwa wazazi wake Bombo tangu Pasaka, pamoja na Esta wetu wa miaka miwili. Kosa langu ni moja tu, na watu wamelikuza. Alikuwa na mbuzi, zawadi ya mama yake. Nikamshusha Same, nikambadilisha na baiskeli. Baiskeli nzuri! Haina mnyororo, na huku kwetu mlimani hakuna njia ya kuipanda, ila ya kuibeba. Nilimweleza Dorkas kwamba hayo ni mambo ya muda. Alijifunga khanga, akambeba mtoto, akaondoka. Nyumba imepoa. Makande napika mwenyewe na hayaivi.

Leo nilikwenda kuomba tena. Baba mkwe, Mzee Hezroni, alikuwa askari wa Mwingereza, alipigana Burma, na mpaka leo hukaa kwenye kigoda mgongo umenyooka. Alisema maneno yangu ameyachoka. Siku ya Saba Saba ataketi jukwaani Same pamoja na askari wa zamani. Nikipita mbele yake na kikosi cha kijiji, nimenyooka, bila kuyumba hata hatua moja, mke nimchukue siku hiyo hiyo. Nikiyumba, nisikanyage tena uani kwake.

Nilikubali. Wiki mbili! Kunyooka ni kazi gani?

Nikiondoka nilisikia kikohozi mbele yangu njiani. Mama mkwe. Papo hapo niliacha njia, nikaingia migombani, nikageuza uso mpaka akapita. Ndiyo adabu ya kwetu. Yeye hukohoa, mkwe hupisha. Miaka sita sijamtazama usoni. Namjua kwa kikohozi na kwa pindo la khanga. Katika hilo sina doa, na hata Dorkas anakiri.

Alhamisi, 26 Juni

Mwili mzima unauma.

Mkufunzi wetu ni Afande Athumani, kijana wa Tanga kutoka jeshini, hajafika hata miaka ishirini na mitano. Mimi nina thelathini na minne. Nilimngoja aniamkie. Yeye akaningoja nisimame mguu sawa. Tukangojana. Mwishowe nilikimbia kuzunguka uwanja wa shule mara tano.

Kisha somo la saluti. Alisema kwa sauti ya chini kwamba mkono haumheshimu mtu bali dhamana aliyobebeshwa na wananchi, kwa hiyo usipigwe ovyo. Na saluti haipigwi kichwa wazi. Asiye na kofia husimama mguu sawa, basi. Hilo lilinikuta nimekwisha kumpigia saluti katibu wa tawi, mchungaji, na dereva wa lori la kahawa, wote kichwa wazi. Mara tano nyingine.

Safu hupangwa mrefu kulia, mfupi kushoto. Wa kwanza kulia ni Respicius, mtu wa Bukoba aliyekuja kukata mkonge huko chini, kisha akaoa kwetu. Mrefu bila sababu yoyote. Mimi ni wa tatu. Anatabasamu mno yule mtu. Simwamini.

Jumamosi, 28 Juni

Balaa!

Leo tumefundishwa kupita mbele ya mgeni rasmi. Jukwaa litakuwa upande wa kulia. Afande akitoa amri ya kulia tazama, vichwa vyote vinageuka kwa pamoja na macho yanatua jukwaani. Nilifanya vizuri. Afande hakusema kitu, na kwake hiyo ni sifa.

Kisha nikakutana na Dorkas kisimani. Hakuweka ndoo chini, lakini alisimama. Esta alinyoosha mikono nimbebe, nikasahau yote niliyopanga kusema. Dorkas akasema kwa upole kwamba baba yake hataketi peke yake jukwaani. Mama yake ataketi ubavuni kwake, mstari wa mbele.

Mama mkwe jukwaani! Kulia tazama! Nimkazie macho mama mkwe mbele ya wilaya nzima? Nisipogeuza kichwa, nimevunja amri, na Mzee Hezroni ataona. Nikigeuza, nimevunja adabu, na huko Bombo watasimulia mpaka Esta aolewe.

Nilimuuliza Afande, kwa njia ya kuzunguka, kama kuna askari anayeruhusiwa kutogeuza kichwa. Akasema yupo mmoja. Wa kwanza kulia, safu ya mbele. Yeye hutazama mbele daima, kwa sababu wengine wote wanampima yeye ili mstari usipinde. Akienda sawa, kikosi kinakwenda sawa.

Mahali pa Respicius!

Jumapili, 29 Juni

Baada ya ibada nimeshona makatambuga mapya. Soli ya tairi moja haitoshi. Nimepachika tatu kila mguu, misumari kumi na minane. Nimejipima kwenye mwimo wa mlango. Nimemzidi Respicius kwa vidole viwili. Kuna uzito kidogo, lakini cheo chochote kina uzito wake.

Jumatatu, 30 Juni

Asubuhi Afande alitupanga upya, mrefu kulia, mfupi kushoto. Nilisimama wa kwanza! Respicius akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, akajipanga wa pili. Tukatembea. Nilisikia raha ambayo sijaisikia tangu harusi.

Ikaja nyuma geuka. Mimi niligeuka. Soli mbili za mguu wa kulia zilibaki zinatazama Kenya. Nilianguka kwa heshima zote, mikono ubavuni, kama tulivyofundishwa. Afande aliokota tairi, akalichunguza pande zote mbili bila kucheka, akanipeleka mwisho kabisa kushoto, nyuma ya Clemence fundi cherehani, ambaye hufika begani kwangu.

Zimebaki siku saba. Nimekaa mlangoni. Kikombe cha bati cha Esta bado kinaning'inia msumarini.

Jumatano, 2 Julai

Leo ilikuwa msaragambo, kijiji kizima tukizibua mfereji. Respicius alikuja kufanya kazi kando yangu. Nilijua anapeleleza. Akauliza lile tairi lilikuwa la nini. Nilikusudia kumdanganya, lakini jembe lilikuwa zito na nilikuwa sijala, nikamweleza yote. Dorkas, mbuzi, jukwaa, mama mkwe.

Hakucheka. Alisema kwao pia kuna heshima za namna hiyo, na kwamba mama mkwe wake mwenyewe yuko huko huko Bombo, haji Same, hivyo yeye macho yake yako huru. Akatupa tope mara mbili tatu. Kisha akamwendea Afande akiwa na jembe begani, wakasemezana.

Jioni nikaitwa. Respicius amesema goti linamsumbua, hawezi kuongoza mstari. Ameomba nipewe mimi nafasi yake, na wa pili kulia, ambaye ni mrefu kunizidi, hakupinga.

Nimemshinda! Ameona dhamira yangu ameogopa. Goti lenyewe silioni likichechemea. Mtu dhaifu sana.

Jumapili, 6 Julai

Tumeshuka Same kwa lori la ushirika, watu thelathini na bunduki thelathini za mbao. Tumefanya mazoezi uwanjani. Chokaa imepigwa mistari miwili na sisi tunapita katikati. Kulia jukwaa, kushoto wapiga tarumbeta wa usharika. Nimenyooka kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Afande alinisogelea akasema kwa sauti ndogo kwamba kesho watu ishirini na tisa watakuwa hawaoni waendako, watakuwa wananiona mimi tu. Nikajibu ndiyo, Afande. Amenipa kofia yake ya akiba. Machozi yalikaribia kunitoka, nakiri.

Jumatatu, 7 Julai. Saba Saba

Naandika bila nguvu.

Tuliingia kwa mwendo wa pole, kisha wa haraka. Ngoma kubwa ilikuwa inatupa hatua. Vumbi la Same, jua la Same, watu wametulia kimya kabisa. Sijawahi kuwa sehemu ya kitu kilichonyooka namna ile. Nilimwazia Dorkas. Nilijua yuko mahali fulani kati ya wale akina mama, na Esta mgongoni.

Afande akaamuru kulia tazama. Vichwa ishirini na tisa vikageuka pamoja. Changu mbele, kama kanuni inavyotaka. Kwa pembe ya jicho niliona viatu vya Mzee Hezroni. Kando yake, pindo la khanga. Hatua sita zimebaki. Tano.

Mama mkwe akakohoa.

Vumbi tu! Vumbi la miguu yetu wenyewe! Lakini miguu haikuuliza. Miaka sita imefundishwa na kikohozi kile, wakati Afande ameifundisha wiki mbili. Niliacha njia. Nilivuka chokaa upande wa kushoto nikitafuta migomba, na Same hakuna migomba. Wa pili akapima bega langu, akasogea. Wa tatu akapima la wa pili. Kikosi kizima kikaniandama, safu tatu, mstari haukupinda hata kidogo, nyuso zote zimegeukia jukwaani kwa heshima kubwa, wakaingia moja kwa moja kwenye tarumbeta za usharika. Clemence alitangulia. Mguu wake ulipita kwenye ngoma kubwa, na ngoma ikanyamaza.

Mtu wa mwisho kuyumba alikuwa Respicius. Goti lake lilikuwa zima kabisa.

Mzee Hezroni alisimama, akatoa kofia, akaondoka jukwaani. Afande hakunikimbiza mara tano. Alinyoosha mkono tu, nikamrudishia kofia. Ningependa kukimbia.

Jumanne, 8 Julai

Nimekwenda Bombo kuaga. Nisikanyage uani, alisema, kwa hiyo nilisimama nje ya ua, mguu sawa, kichwa wazi. Mzee Hezroni alikuwa kwenye kigoda chake. Aliniambia nimeyumba. Nilisema ndiyo. Aliniambia sikuyumba peke yangu, nimewayumbisha watu ishirini na tisa. Nilisema ndiyo, baba. Sikuwa na hila yoyote kichwani. Nilijitafuta, sikuipata.

Ndipo sauti ikatoka jikoni, nyuma ya ukuta. Mama mkwe. Alizungumza na Dorkas, kwa sababu mimi hawezi kusema nami, lakini alisema kwa sauti ya kunifikia. Alisema wakati wa ukoloni, askari walipopita njia ya Bombo kwa safu, yeye ndiye aliyeingia majanini na mzigo wake wa kuni kichwani, mara nyingine kwa kusukumwa. Mara moja alianguka, mzigo ukatawanyika, wao wakaendelea kushoto kulia. Alisema jana, mbele ya serikali, askari thelathini waliacha njia yao kwa ajili yake. Alisema Dorkas afunge mzigo.

Mzee Hezroni alitazama chini, mikono magotini. Yeye mwenyewe alikuwa askari wa miaka ile. Mgongo wake ulipinda kidogo, mara ya kwanza nauona. Kisha akasema mtoto asisahauliwe sweta, kuna ukungu njiani.

Nilifuta macho. Dorkas aliona, akajifanya hajaona.

Mama mkwe ametoa mbuzi mwingine. Dorkas aliniapisha palepale nje ya ua, nikiwa mguu sawa, kwamba mbuzi huyu simgusi, simshushi Same, simbadilishi na kitu chochote chenye gurudumu. Niliapa kwa moyo wote.

Jumapili, 13 Julai

Nyumba ina sauti tena. Makande yameiva. Esta anatembea uani, kushoto kulia, na kikombe cha bati kichwani ili apige saluti kihalali.

Nimelitafakari jambo lote kwa utulivu na nimeona kwamba mpango wangu ulikuwa sahihi tangu mwanzo, isipokuwa watu hawakuuelewa. Respicius ameleta debe la maharage na kutusalimu. Anatafuta kitu yule mtu.

Habari kubwa! Afande anataka tarishi wa kikosi, wa kupeleka barua kati ya kijiji na Same. Atapewa kofia yake mwenyewe. Sharti ni moja, awe na baiskeli.

Baiskeli ninayo. Kinachokosekana ni mnyororo, na kuna fundi Same anao, anataka mbuzi mchanga. Kiapo nakikumbuka, neno kwa neno. Mbuzi simgusi. Lakini leo nimemkagua vizuri. Ana mimba. Na mtoto aliye tumboni hakutajwa.

Dorkas amekohoa mlangoni, kikohozi cha mama yake hasa. Nimejikuta nimesimama, nimempisha. Ameuliza naandika nini. Nimesema amri za gwaride.

Kesho nashuka kuuliza mnyororo.