Kisigino Kimenipeleka kwa Mama Mkwe

Leo nimeumbuka. Shahidi ni ukoo mzima wa wakwe zangu (kama bado ni wakwe zangu).

Miezi mitatu sasa kisigino cha kulia kinaniuma. Kandambili nyembamba, mteremko wa shamba la kahawa, na kilo zangu tisini (haya, mia moja). Nesi wa zahanati alinieleza vizuri: mshipa mpana unaoshikilia unyayo umechoka. Ukikaa sana unakaza, ndiyo maana hatua ya kwanza inachoma kama umekanyaga msumari. Vaa soli nene, viringisha unyayo juu ya chupa ya maji baridi, na kabla ya kusimama vuta vidole vya mguu kuja kwako mpaka unyayo ulegee. Kila mara, alisisitiza.

Nimefanya kila mara. Isipokuwa leo.

Leo tumekwenda Mkumbi kumposa Skola: mimi, baba mdogo na mshenga. Mshenga wangu ana maneno. Kaanza na asili ya ukoo wetu, saa mbili nzima, mimi nimetulia kitini kama picha. Baba yake Skola aliuliza swali moja tu: kijana ana nguvu za kuchimba ngolo, yale mashimo yetu ya kulimia mlimani? Mshenga akajibu kwamba mimi ni trekta.

Ndipo mama mkwe akaingia na sinia la ugali na samaki. Mkwe anaheshimiwa kwa mbali, hata mkono humpi hovyo. Lazima nisimame nimwamkie. Nilijua kabisa: vuta vidole kwanza. Lakini nivue kiatu, nianze kuvuta vidole mbele ya wakwe, juu ya chakula? Nikaona aibu. Nikasimama.

"Shika..."

Sikumaliza. Kisigino kikawaka, mguu ukakataa, nikamwangukia mama mkwe. Nikamkumbatia. Kwa nguvu. Tukaishia ukutani, sinia chini, samaki mmoja mapajani mwa mshenga.

Baba mkwe akamgeukia mshenga, akauliza taratibu:

"Trekta lenyewe ndilo hili?"

Posa haijakataliwa, namshukuru Mungu, maana Skola nampenda kweli. Imeahirishwa mpaka nipone, kisha nipelekwe shambani nitazamwe. Jamani, msicheke. Vuteni vidole, hata mbele ya wakwe.

Skola ametuma ujumbe sasa hivi. Mama anasema marahaba, ila siku nyingine umwamkie ukiwa umekaa.