Blanketi la Viraka la Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Agosti

Siku ya tisa bila Peris. Chai nimejipikia mwenyewe, ikaungua. Sikujua chai inaweza kuungua.

Nina hasira na sitazificha. Mwanamke anatoka kwake Kitale, anarudi kwa mama yake Bungoma, kwa sababu mumewe amemsaidia kazi. Nani aliwahi kusikia? Miezi kumi na moja alikuwa ameinamia lile blanketi lake la viraka, ambalo akina mama wa kanisa wanaliita kwilti. Kitambaa juu, pamba katikati, kitambaa chini, halafu sindano inapita tabaka zote tatu, kitone kwa kitone, kwa mkono. Kwa mkono! Na mume wake ni fundi mwenye cherehani ya mota, na jina limeandikwa mlangoni: Wekoye Tailoring. Wateja wananiuliza kama stima imekatwa nyumbani.

Kwa hiyo siku moja akiwa kanisani nikalimaliza kwa cherehani. Saa tatu tu. Ndiyo, pamba ilijikunja. Ndiyo, kiraka cha katikati, kile cha shati la marehemu baba yake, kilikunjamana kama uso wa mtu aliyelamba ndimu. Lakini si lilikwisha? Peris aliporudi alilitazama mara moja tu. Alilikunja, akalitia kwenye mfuko, akaondoka nalo.

Leo ametuma ujumbe wa kwanza. Ati atarudi siku nitakapojua sindano ni nini. Mimi, fundi wa miaka kumi na tisa. Ninavunja sindano tatu kila wiki, ananiambia sizijui.

Jioni Kagwe akapiga simu. Kagwe ni mwanyumba wangu, amemwoa Nasike, dada yake Peris. Ana duka la mbegu za mahindi na sauti ya upole ambayo inanitia hasira kuliko matusi. Amesema Jumamosi ya tarehe kumi na sita kuna maombi ya shukrani Bungoma. Mama Nabwile, mama mkwe wetu, ametimiza miaka sabini na mitano. Kila mkwe atoe zawadi. Yeye anapeleka blanketi la dukani.

La dukani! Nimecheka peke yangu mpaka nikakohoa. Mimi nitampelekea mama kwilti ya kushonwa kwa mkono, mbele ya ukoo wote, Peris akiona. Mama akishabariki kazi yangu, Peris atakataa vipi kurudi?


Jumatano, 6 Agosti

Nimeenda kwa Gladwell, mwenyekiti wa washonaji wa kanisa. Nikamwomba anishonee kimyakimya. Akanitazama juu ya miwani. Ati kazi hiyo ni miezi sita. Nikamwambia nina siku kumi. Ati basi nishone leso ya kupangusia pua.

Halafu akanipa somo ambalo sikuliomba. Ati mshono wa cherehani hukaza nguo, ukijifunika inasimama kando yako kama mlango. Wa mkono hulegea, nguo inakulalia mwilini. Nikamuuliza na kufua je? Akakubali kwamba ya cherehani hufuliwa miaka na haiachii. Nikamwambia basi nimeshinda. Akasema sikuja kwake kushinda, nilikuja kuomba. Mwanamke mbaya sana huyo.

Nimejaribu mwenyewe. Subana, kile kikofia cha chuma cha kukinga kidole, kilikataa kunienea. Mkono wa kulia unasukuma sindano juu, wa kushoto uko chini ya kitambaa unaingoja, na unaipata. Unaipata kila mara. Saa mbili nzima nimeshona mstari wa urefu wa kiganja, nao unapanda mlima kama barabara ya Cheptais. Nimetupa kila kitu ukutani. Sindano sijaiona mpaka sasa, na natembea bila viatu.


Ijumaa, 8 Agosti

Nimepata! Akili ni mali, na mimi ni tajiri.

Juu unatia uzi wa plastiki usioonekana. Kwenye bobini, chini, unatia uzi mweupe. Unakaza wa juu mpaka unauvuta mweupe utokeze kidogo. Mshono unaurefusha hadi mwisho. Ukitazama juu unaona kitone cheupe, nafasi, kitone, nafasi. Bibi kizee mwenye macho mazuri angeapa ni mkono. Upande wa chini ndio una mstari mmoja mrefu usiokatika, lakini nani hugeuza zawadi?

Vitenge nimevitoa Lwakhakha, kule mpakani, vya maua mekundu. Nilianza saa nne asubuhi. Saa nne na nusu stima ikapotea. Nikapiga simu kwa wenye stima nikaambiwa nisubiri, nikapigiwa muziki. Muziki! Nikaondoa mota nikapiga pedali kwa miguu mpaka vigimbi vikanikaza. Haya ndiyo mateso ya kazi ya mkono, na hakuna atakayeniandikia wimbo.


Jumanne, 12 Agosti

Imekwisha. Ni nzuri mno. Nimeibandika ukutani nikaitazama nikala nayo ugali.

Kagwe akapita dukani. Akaishika pembeni kwa vidole viwili, akaisifu, hilo nampa. Akauliza nani ameshona. Nikamwambia ni mkono huu. Akaiachia. Kisha, kwa ile sauti yake, akauliza kama nimezungumza na Mzee Sifuna kuhusu zawadi. Mzee Sifuna ni mdogo wake marehemu baba mkwe, ndiye anayeshika mila za pale. Ati yeye Kagwe alimwendea kwanza, maana vitu vya malazi vikitoka kwa mkwe kwenda kwa mama mkwe vina masharti yake.

Nilisikia damu ikipanda. Babu yake alitoka Nyeri na panga na ndoo akaja kulima hapa Kitale. Mimi ni Mbukusu wa kuzaliwa. Leo yeye ndiye anifundishe ukwe wa Kibukusu? Nikamwambia akauze mbegu. Akasema sawa ndugu yangu, tutaonana Jumamosi. Hata kukasirika hajui.

Nimefunga plasta vidole vitatu vya mkono wa kulia. Vilivyochomwa ni vya kushoto, lakini watu husalimia kwa kulia. Lazima waone mateso.


Jumamosi, 16 Agosti

Naandika nikiwa nyuma ya zizi la ng'ombe, Bungoma.

Ilianza vizuri. Sisi wakwe tuliketishwa hema letu upande huu, Mama Nabwile upande ule, uwanja katikati, kama inavyotakiwa. Mama mkwe hupewi mkono, humkaribii, humtazami sana. Hayo nayajua tangu utoto. Peris alikuwa nyuma ya mama yake na kilemba cha bluu. Alinitazama plasta. Hakucheka, hakununa. Nikasema moyoni, amelainika.

Kagwe akaitwa kwanza. Blanketi lake lilikuwa bado ndani ya mfuko wake wa plastiki, zipu imefungwa. Akasema maneno manne, shangazi yake Peris akalipokea akalivusha uwanja. Makofi. Mama akalipigapiga kama mtoto.

Zamu yangu. Nikaomba kipaza sauti. Sikuhitaji, lakini nilikiomba. Nikaikunjua kwilti yote watu wakasema aaah, na hapo ulimi ukaota miguu. Nikasema wengine huleta vya dukani ambavyo hakuna aliyevitolea jasho. Nikasema hii kila kitone ni mkono huu, nikainua plasta. Nikasema niliishonea kitandani kwangu, imelala magotini mwangu wiki nzima. Kagwe alikuwa anatikisa kichwa polepole. Nilidhani ni wivu. Nikaongeza kwamba ili niwe na hakika mama hatasikia baridi, nimejifunika mimi mwenyewe siku tatu.

Shangazi aliyekuwa amenyoosha mikono aipokee akairudisha. Mama Nabwile akavuta kiti nyuma, na watu wote upande wake wakavuta viti.

Mzee Sifuna akasimama. Hakupaza sauti. Akauliza nimesema nini. Akauliza tena. Akasema, "Wekoye, hata salamu ya mkono huwezi kumpa huyu mama. Sasa umelala ndani ya blanketi halafu unataka alale ndani yake? Wewe ulizaliwa wapi?" Hiyo kwilti isivuke uwanja. Na kosa la namna hiyo halioshwi kwa soda. Litaoshwa kwa kondoo, wazee wakae, na mpaka hapo mguu wangu usikanyage boma lile.

Mpaka hapo! Na Peris yuko ndani ya boma lile!

Nilikuwa na njia moja, na sikuipenda. Nikaigeuza kwilti mbele ya watu wote. Nikawaonyesha ule mstari mrefu wa chini. Nikasema ni cherehani. Haijalala kitandani, haijakaa magotini, ilikuwa dukani juu ya meza. Mimi sijajifunika. Nilikuwa naongeza chumvi tu.

Mzee Sifuna akaja akapapasa mshono. Akamwita fundi mmoja wa pale, naye akathibitisha, na akacheka kuliko ilivyolazimu. Mzee akatangaza kwamba cherehani si mkwe wa mtu. Hema zima likalipuka. Mama Nabwile alicheka akajifuta machozi, kwilti ikavuka, akaisifu kwamba itafulika vizuri.

Kwa hiyo mama mkwe amenusurika na mila imenusurika. Peris peke yake ndiye hakucheka.


Jumapili, 17 Agosti

Peris alinisindikiza mpaka barabarani. Nilimuuliza kwa nini hakunitetea. Akasema alijua tangu alipoona plasta, maana anayeshona kwa mkono huumia mkono wa kushoto. Angenyamaza. Alikuwa hata ameshapakia nguo zake, kwa sababu alidhani angalau nimeona haya kwa nilichomfanyia. Lakini nikachukua kipaza sauti.

Nguo ameshazipakia! Nilikuwa umbali wa hotuba moja tu. Mtu angeninyang'anya kile kipaza sauti. Kagwe alikuwa karibu, mikono yake ilikuwa inafanya nini?

Kisha akatoa kwenye mfuko lile blanketi lake, lile nililolimaliza mimi. Akaniambia nikalifumue. Kila mshono wa cherehani, kwa mkono, kwa sindano, mmoja mmoja. Akaweka kidole kwenye kiraka cha katikati. Ati baba yake alivaa shati hilo siku alipomsindikiza Peris kuolewa kwetu, na hakuna nguo yake nyingine iliyobaki. Ati vingine nikiviharibu haidhuru, hicho nikiokoe. Siku nikilileta limefumuliwa na kiraka kizima, atarudi nami siku hiyohiyo. Hakuwa na hasira. Sauti yake ilikuwa imechoka, na kwa kweli ilinichoma.

Nimeahidi. Nimeahidi kwa dhati.


Jumatano, 20 Agosti

Siku tatu za kufumua. Mistari mitatu. Imebaki mia moja na arobaini. Mgongo umekufa, macho yanatoa machozi, na wateja wananiuliza kama stima imekatwa. Huyu mwanamke anataka nizeeke nikiwa na sindano mkononi. Nani alitia mishono midogo hivi? Nani hutia mishono midogo hivi?

Saa nane nilimwona Kimutai, kinyozi wa mlango wa pili, akimnyoa mtoto. Mashine yake ilipita kichwani, nywele zote zikaondoka, ngozi haikuguswa. Nikasimama kabisa. Uzi ni nywele. Kitambaa ni ngozi. Mbona nilikuwa nateseka?

Kimutai alikataa. Nikamsihi. Nikamwambia ndoa yangu iko mikononi mwake. Tukalitandaza juu ya kiti cha kunyolea. Mistari minne ya kwanza iliondoka kama moshi, safi, nilitaka kulia kwa furaha. Ningemaliza kabla ya chai. Nikamwambia aingie katikati.

Pale kiraka kilipokunjamana mashine ilinguruma, ikashika, ikala. Tundu. Ukubwa wa kiganja. Kimutai akaizima. Akasema, "Pole bana," akatoka nje akasimama barabarani.

Nina hasira na Kimutai. Kinyozi gani hawezi kunyoa shati? Nina hasira na Gladwell, na Kagwe, na Mzee Sifuna, na baba mkwe aliyeacha shati moja tu.

Nimekaa na hilo tundu kama saa moja. Mfuko wa shati umebaki nusu, na kitufe kimoja.

Hata hivyo. Sokoni, kwa Wakonyo muuza mitumba, kuna shati lenye mistari ya kijivu kama la baba mkwe, ileile. Karibu ileile. Nitakata kiraka kipya, nirudishe kitufe, nizungushe mshono pembeni, kitone, nafasi, kitone, nafasi. Peris anachotaka ni kuona kiraka kizima. Kitakuwa kizima.

Uzi usioonekana bado ninao. Cherehani nimeshaitia mafuta.