Nyonga Yenye Uzi Mwekundu

Jumatano, 3 Desemba
Leo tumechinja. Baridi imekaza sawasawa, ukitema mate yanafika chini yameshaganda. Ndiyo wakati wa sogim, nyama ya kutuvusha mpaka theluji iyeyuke. Farasi jike, mnono, mafuta ya mbavu upana wa kiganja. Wanawake tumeosha matumbo kwenye theluji mpaka vidole vikasahau ni vya nani. Chumvi ametia mama mkwe mwenyewe, hamwachii mtu. Kisha nyama ikatundikwa kwenye kibanda cha moshi.

Mimi macho yangu kwenye nyonga tu. Farasi ana nyonga mbili, moja tumeitundika ndoano ya mbele, moja ya nyuma, na haziliwi hivi hivi. Ni sibaga, fungu la mgeni wa heshima. Akichelewa miezi, analikuta linamngoja. Na mama yangu anakuja barabara ikifunguka, kumwona mwanangu mchanga, Balnur, kwa mara ya kwanza. Nataka aketishwe mahali pa heshima, awekewe nyonga mbele yake. Sisi tumetoka ziwani, na huku wanasema watu wa ziwani nyama hawaijui, wanajua miiba ya samaki.

Kuomba siwezi. Mke wa mwana haombi. Basi nitaiba. Si kuiba. Kutunza.

Ijumaa, 5 Desemba
Wageni kila jioni. Ukichinja, jirani lazima aonje, na hapa jirani ni yeyote mwenye miguu. Lakini wifi yangu anawashinda wote. Jina lake silitamki, mke wa mwana hatamki majina ya ukweni, kwa hiyo nimempa langu: Pua Nzuri. Hata humu la kwake siliandiki. Nimemwona anatoka kibandani anajilamba. Moyo ukanipasuka.

Nikakumbuka bibi yangu alikuwa anazika nyama kwenye unga, inakaa mpaka kiangazi. Nimechukua nyonga ya mbele, nimeizika kwenye pipa la unga. Nimelala kama mtoto.

Jumamosi, 6 Desemba
Bibi alikuwa anazika nyama iliyokwisha kukauka. Hilo sikulikumbuka.

Mama mkwe ameingiza mkono achote unga wa mkate, akavuta donge lenye mfupa. Akauliza nani kafanya hivi. Nikasema labda panya. Akasema panya wa nyumba hii wameneemeka, wanabeba nyonga ya farasi. Pua Nzuri akacheka mpaka chai ikamtoka puani. Ile pua nzuri. Kidogo nilifarijika.

Nyonga imeoshwa, imerudi moshini.

Jumatano, 10 Desemba
Safari hii nimetumia akili. Nyonga ya mbele iko kwenye sanduku la nepi za Balnur, kando ya jiko, chini ya blanketi. Nani atapekua nepi? Ili ndoano isibaki tupu, nimeisogeza nyonga ya nyuma mbele, na kule nyuma gizani nimetundika gunia lililokunjwa. Ukisimama mlangoni hujui.

Ile ya nyuma ilikuwa na uzi mwekundu. Sijui wa nini. Nimeufungua, nimemfunga Balnur mkononi, umkinge na jicho baya. Umempendeza, mwanangu.

Ijumaa, 12 Desemba
Sanduku linanuka. Sikufikiria habari ya jiko.

Wote wanamsingizia Balnur. Pua Nzuri kasema, “Wifi, huyu mtoto mwili mdogo, mambo makubwa.” Mama mkwe amemchemshia majani ya tumbo, maskini akayanywa akikunja uso. Mwanangu anabeba aibu ya nyonga ya bibi yake. Nimembusu kutwa nzima.

Jumapili, 14 Desemba
Washenga wa Pua Nzuri wamekuja. Mama mkwe akasema nikalete nyonga ya mbele, niichemshe. Nikaleta ya ndoano ya mbele, nikachemsha, moyo mweupe. Ya mama yangu, hata ikinuka kidogo, si iko salama? Sinia likasifiwa. Mshenga mkuu alikula mpaka akafungua mkanda.

Walipoondoka, mama mkwe akampakata Balnur. Akaona mkono. Akaniuliza taratibu uzi ule nimeutoa wapi. Nikasema kwenye nyonga. Nyonga ipi? Ya nyuma. Na ya nyuma iko wapi? Nikatazama sinia.

Akakaa chini. “Mwanangu,” akasema, “ile ndiyo niliyomwekea mama yako. Nilimfungia uzi siku ile ile ya kuchinja.”

Akauliza ya mbele je. Nikafungua sanduku. Pua Nzuri akakimbilia nje bila viatu. Mbwa tuliyemtupia aliizunguka kwanza, akafikiri, ndipo akala.

Nimelia. Mama mkwe hakunigombeza. Aliufungua uzi mkononi mwa Balnur, akaenda kibandani, akachukua soseji nene ya mbavu, fungu lake mwenyewe analowekewa kila mwaka, akaifunga uzi ule. Akasema, “Mama yako atakula hii, na mimi nitakaa naye tule wote. Wewe usiisogelee. Kutunza kitu ni kukiacha kilipo.”

Maneno ya busara. Nimeyaandika nisiyasahau.

Jumatatu, 15 Desemba
Nimeyafikiria yale maneno. Mama mkwe ana moyo mzuri, ila haoni hatari. Soseji imetundikwa peupe, ina uzi mwekundu, nani asiyeiona? Na Pua Nzuri, tangu posa ikubaliwe, anakula kwa furaha, na furaha ni mbaya kuliko njaa.

Kosa langu lilikuwa joto tu. Nyama inataka baridi, na baridi tunayo bure. Jioni hii nimeizika soseji kwenye theluji chini ya dirisha langu, niwe naichungulia nikimnyonyesha Balnur. Mama, njoo tu. Chakula chako kipo.

Mbwa naye amekaa pale pale juu yake, habanduki, anakwaruza kidogo tu kutafuta pa kulala. Namshukuru Mungu. Hata mlinzi nimepata.