Mgeni Wangu na Mkeka wa Jobe

Jumapili, 14 Januari

Mgeni kafika! Hatimaye! Anaitwa Wouter, Mholanzi mstaafu, mrefu kama ngazi, begi moja na kofia. Kasema amekuja Gambia kwa mambo mawili tu: kutazama ndege na kupumzika. Nikamwambia hapa ndipo penyewe.

Asichojua ni kwamba roho yangu iko mkononi mwake. Alkalo, mkuu wetu wa kijiji, alinipa kiwanja hiki cha kando ya mto miaka mitatu iliyopita, nijenge kambi ya wageni. Nimejenga: vibanda vinne, choo kimoja, kibao kimoja kikubwa. Wageni ndio hawaonekani. Sasa wanawake wa kikundi cha bustani wanakitaka walime vitunguu, na Alkalo ametoa uamuzi. Mgeni akilala kwangu usiku saba mfululizo kufikia Jumapili ijayo, kiwanja kinabaki changu. La sivyo, vitunguu. Na mwenyekiti wa kikundi ni nani? Sohna. Mke wangu wa ndoa! Mgeni anafungua begi, yeye anapima kiwanja kwa hatua, anahesabu matuta kwa sauti.

Mimi sibahatishi. Nimeandaa ratiba. Shughuli kumi na moja kwa siku, kila moja na dakika zake. Mgeni akiachwa akae tu atachoka, akichoka ataondoka. Nimeipigilia mlangoni mwake kwa misumari minne.

Jumatatu, 15 Januari

Usiku mmoja kibindoni. Saa kumi na moja unusu alfajiri nikamwamsha mgeni kwa kugonga sufuria. Saa kumi na mbili, ndege wa kwanza, keremkerem. Saa kumi na mbili na dakika ishirini, mdiria. Mdiria alichelewa, ikabidi tumfute kwenye orodha. Wouter aliuliza kwa upole kupumzika ni lini. Nikamwonyesha kwa kidole: saa nane na dakika kumi hadi saa nane na dakika thelathini na tano. Akatikisa kichwa. Nadhani alifurahi.

Mchana balaa. Tumekaa kwenye sinia la benachin, wali wetu wa samaki, mara akaingia jirani yangu Biran Jobe, yule msuka madema ya kuvulia samaki wa pale chini ya kambi. Hakubisha hodi. Akakaa, akavuta samaki mzima kutoka upande wangu. Akamwambia mgeni, "Bwana, mbona unakula na mtumwa wangu? Hawa kina Njie wote ni watumwa wetu. Walafi! Ukimwachia wali anakula na sinia."

Sina la kufanya. Sisi kina Njie na kina Jobe ni watani tangu enzi za mababu. Mtani anakutukana, anakunyang'anya, na wewe huruhusiwi kununa. Kazi yako ni kurudisha. Nikarudisha: mtumwa ni yeye, babu yake aliuzwa kwa gunia la karanga, tena bovu. Akacheka mpaka akapaliwa. Maishani mwangu sijawahi kumkubalia hilo neno mtumwa, hata siku ya harusi yangu.

Ila Wouter alipauka. Akaniuliza kwa kunong'ona kama ni vizuri tuite polisi. Hapo nikaona mwanya! Nikamjibu kwamba ndiyo, yule ni mtu wa hatari, asimsogelee kabisa. Najua, hiyo si haki ya utani. Lakini kiwanja ni kiwanja.

Jumanne, 16 Januari

Mgeni kasema leo angependa kukaa tu na kuutazama mto. Kukaa tu! Hivyo ndivyo wanavyoanza. Kesho atasema na mto wenyewe ameshauona.

Nikaamua aone kiboko. Viboko wamejaa huku, ila hawana adabu ya muda. Saa tatu kamili, hakuna. Saa tatu na robo, hakuna. Nikamwacha mgeni kwenye kiti, nikajificha matetini na dumu tupu la mafuta, nikalipuliza mdomoni. Bwuuuh! Sauti ilitoka safi. Nikamsikia mgeni akisema, "Oo!" Nikapuliza tena.

Kiboko wa kweli akanijibu, nyuma yangu.

Sikumbuki nilipandaje mti wa miiba uliokuwa karibu. Nilikaa juu saa mbili na nusu, yeye anakula majani chini kwa raha zake. Nilipiga kelele mgeni afuate ratiba, shughuli ya tano, kutembelea kichuguu. Hakunisikia. Niliporudi nikamkuta kwenye mkeka wa Jobe! Yule mtu wa hatari anamimina ataya, chai ile ya povu, duru ya tatu, na hakuna anayeongea. Wouter akaniambia hiyo ndiyo sehemu nzuri kuliko zote tangu afike. Namshukuru Mungu, kumbe kiboko alimfurahisha.

Sohna alinichomoa miiba na kunitoa gome mgongoni. Akaniuliza, "Baba Awa, hivi wewe ukikaa kimya dakika moja unaumwa nini?" Sikuwa na muda wa kumjibu.

Jumatano, 17 Januari

Usiku tatu! Na nimeigundua siri ya mgeni. Asubuhi alinieleza kwa kirefu, tena kwa uchungu. Miaka thelathini na moja alikuwa dereva wa treni ya mjini. Kila kituo na dakika yake. Akichelewa sekunde arobaini, anaandika maelezo. Hadi leo anashtuka usingizini akidhani kapitiliza kituo. Machozi yalimlengalenga.

Nikamwelewa mara moja. Maskini, ana hamu ya kazi yake!

Sikulala mchana. Nikaiandika ratiba upya, safari hii kwa sekunde. Shughuli kumi na sita. Vibanda nimevipa namba za vituo. Nikatundika ringi la gari kwenye mti, na kila shughuli inapoanza nalipiga kwa nondo, ngeng'! Nimefanya majaribio mara saba jioni hii. Wouter alitoka kibandani kakamata kichwa kwa mikono miwili. Hisia zilikuwa zimemzidi.

Alhamisi, 18 Januari

Hayupo!

Saa kumi na moja unusu nimepiga ringi, kimya. Nimefungua mlango, kitanda kimetandikwa. Begi hakuna. Karatasi ndogo juu ya mto wa kulalia: ananishukuru sana, mimi ni mtu mwenye bidii kuliko wote aliowahi kukutana nao, amehamia kwa Bwana Jobe tangu jana jioni, tafadhali nisimfuate na ringi.

Nikaenda mbio, pajama mwilini, nondo mkononi. Wouter kajilaza mkekani, kofia usoni. Jobe anasuka dema lake. Akaniona, akasema, "Aa, mtumwa kaja kuchota maji." Na mimi nikakasirika. Nikakasirika kweli. Nikamwita mwizi wa wageni, nikamwambia asinitanie tena. Mbele ya watu!

Jobe aliacha kusuka. Aliweka dema chini akanitazama tu. Wanawake waliokuwa wanakwenda mtoni walisimama na ndoo kichwani. Kumnunia mtani! Hata mbuzi walininyamazia. Ilibidi jioni nimpelekee kokwa za kola kuomba radhi. Akazipokea, akazitafuna zote bila kunipa hata moja, akasema kina Njie hata radhi wanaomba kilafi. Nikapumua.

Huko nyumbani Sohna kashaleta miti ya uzio. Kaipanga kwa urefu.

Ijumaa, 19 Januari

Nimepata! Mgeni hatoki kwa Jobe? Basi kambi imfuate. Watu walipokwenda msikitini nikang'oa kibao changu, "KAMBI YA NJIE, ASILI NA MAPUMZIKO", nikaenda kukichimbia mbele ya mkeka wa Jobe. Wouter alikuwa macho. Alinitazama nachimba, akanipungia mkono, akageukia upande mwingine.

Jobe aliporudi alikisoma kibao mara mbili. Akavua kanzu ya swala, akaianika juu yake.

Jumapili, 21 Januari

Lazima niandike.

Wouter kaondoka asubuhi, kanenepa, kameremeta. Kanikumbatia. Adhuhuri Alkalo akaketi barazani kwake, kijiji kizima kimejaa. Hesabu ilikuwa nyepesi: usiku tatu kwangu, usiku nne kwa Jobe. Sohna alisimama na kikundi chake nyuma, majembe begani. Nilieleza habari ya kibao. Alkalo akaniomba nikae. Nikaendelea kusimama. Akaniomba tena.

Ndipo Jobe akanyanyuka, na sote tukajua anakuja kunimaliza. Akasema, "Alkalo, huyu Njie ni mtumwa wangu, hilo analijua hata mtoto wa jana. Sasa mtumwa ana nyumba yake? Nyumba yake ni yangu. Yeye na mimi ni nyumba moja. Mgeni kalala usiku saba kwenye nyumba moja, hajatoka. Mpeni mtu wangu kiwanja chake, tusije tukamlisha sisi."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Alkalo alifuta machozi kwa kilemba. Akasema hoja imesimama, utani ni wa mababu na yeye hawezi kuutengua. Kwamba mimi niseme tu mbele ya wote kuwa ni mtumwa wa Jobe, na kiwanja ni changu.

Neno moja! Jobe alinikonyeza. Na Sohna, Sohna mwenyewe mwenye vitunguu vyake, alitua jembe chini akaniambia polepole, "Sema, Baba Awa. Sema yaishe. Tutatafuta pengine."

Sijui kwa nini, hilo liliniuma kuliko lote. Nikafungua mdomo. Nilikuwa nimeshaamua, wallahi. Nikasema, "Mimi..."

Na Jobe, kwa mazoea tu, akatabasamu.

Nikalipuka: "Mimi? Mtumwa ni yeye! Babu yake aliuzwa kwa gunia la karanga!"

Jumatatu, 22 Januari

Wanawake wa bustani wanalima tangu alfajiri. Choo wamekiacha, wanasema kitafaa. Kibanda namba mbili wanahifadhia mbolea.

Jobe alikuja mchana, akavuta samaki kama kawaida, lakini safari hii alinirudishia nusu. Akasema bila mzaha, "Ungesema tu, ndugu yangu. Mimi mwenyewe nisingeamini." Sohna akatumiminia maji. Tulikaa hivyo watatu, kimya, kwa muda mrefu sana. Labda dakika nne.

Halafu nikaanza kufikiri. Hasara iko wapi? Hakuna Njie aliyewahi kulikubali lile neno, na mimi sikuwa wa kwanza. Na uwanja wa Jobe, ukiutazama vizuri, uko mahali pazuri kuliko wangu. Kivuli, mto, mkeka upo tayari. Vibanda sita vinaingia. Kesho asubuhi nampelekea pendekezo tuwe washirika, nusu kwa nusu. Sharti langu ni dogo, na kwa mtu mwenye moyo kama wake sioni atakataaje: akiri tu mbele ya Alkalo, kijiji kizima kikisikia, kwamba mtumwa ni yeye. Nitamwamsha saa kumi na moja.