Kichwa Chembani, Mama Mkwe Nyuma

Leo heshima yangu imekwisha, ndugu zangu. Imekwisha saa saba mchana, jua la utosi, watu wote wakiwa macho. Nawaandikia nikiwa nimeoga. Nimeoga mara mbili. (Nikimaliza kuandika naenda ya tatu.)

Wengi mnajua kwamba mke wangu Zuhura amejifungua mtoto wa kiume, Hamisi, ana wiki tatu sasa. Alijifungua kwa upasuaji. Mama yake akafunga nyumba yake kule Manundu, Korogwe mjini, akapanda gari na mabegi yake akaja huku kwetu Sindeni, Handeni, kutulelea. Kwa hiyo nina wanawake wawili ndani ambao hawawezi kuchuchumaa: mmoja ana mshono, mwingine ana magoti. Nyumba nzima inategemea choo kimoja cha kukaa, nilichokijenga kwa jasho langu na kwa maneno mengi.

Maneno mengi, kwa sababu mimi ni mtu wa kupatana. Napatana hata mahali ambapo bei imeandikwa ukutani. Muuza nyanya wa gulio la Kabuku akiniona anaanza kupanga upya mafungu. Basi fundi aliyenijengea mfumo wa maji taka alitaka kuweka chemba pana katikati ya nyumba na karo, lile shimo kubwa la maji taka. Chemba ni kile kishimo chenye mfuniko ambacho bomba linapitia. Bomba likiziba, unafungua hapo unazibua. Nikamwambia fundi apunguze bei. Akakataa. Kesho yake akaja mpole, akasema sawa mzee, nimepunguza. Nikafurahi sana. Sikumwuliza amepunguza nini.

Jana jioni choo kikagoma. Ukimwaga ndoo, maji hayashuki, yanapanda kukusalimia.

Mama mkwe hakuniambia neno. Hawezi kuniambia. Kwa wazee wetu, Wazigua na Wasambaa, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawapeani kitu mkononi, na kama kuna ujumbe unapitia kwa mtu wa tatu. Kijana wa mjini anaweza kulegeza. Huyu wangu halegezi. Tangu aje, mtu wetu wa tatu ni Hamisi. Bibi humwita "mume wangu", kama bibi wote wanavyotania wajukuu, halafu anapitisha ujumbe mgongoni mwa utani huo huo.

"Mume wangu," akasema jana, uso kaelekeza ukutani, "mwambie baba yako mimi na mama yako hatuwezi kwenda vichakani na magoti na mshono. Nimeagiza gari la kukodi kutoka Manundu. Kesho saa tisa litakuwa hapa. Likikuta choo kizima, litarudi tupu. Likikuta kibovu, litarudi na sisi watatu."

Hamisi akapiga chafya. Nikajua ujumbe umefika.

Sasa mnielewe. Mtoto huyu tulimsubiri mpaka majirani wakaacha kuuliza. Tumbo la Zuhura lilipoonekana, kuna watu walisubiri miezi kabla ya kunipongeza, wakihofia mimba isikae. Leo nimpate, wiki tatu, halafu apande gari aende akalelewe Manundu kwa sababu ya bomba? Usiku nilimwangalia alivyolala, nikahesabu vidole vyake. Nikahesabu tena. Vilikuwa vyote, na vyote vilikuwa vinaondoka saa tisa.

Asubuhi nikampigia simu mwenye gari la kunyonya maji taka, yuko Korogwe. Akanitajia bei ya kuja Sindeni. Nikavuta pumzi.

"Kaka," nikamwambia, "hebu tufikirie pamoja. Huo mzigo unaokuja kuuchukua ni mbolea. Mimi ndiye ninayekupa mali. Kwa haki, wewe ndiye wa kunilipa."

"Mzee," akasema, "mali yako baki nayo."

Akakata simu. (Nilimpigia tena, nikamwambia basi tusilipane. Akakata tena.)

Nikaona nizibue mwenyewe. Karo silisogelei, nieleweke. Kule ndani kuna hewa inayoua watu, na mimi nina mtoto. Lakini chemba ni kishimo tu, kina chake ni kiunoni. Nikafungua mfuniko nikauacha wazi asubuhi nzima harufu itoke. Harufu ikatoka. Ilienda mpaka kwa jirani, naye akaja kuuliza kama nimefiwa na mbwa.

Wakati nasubiri nikawa nanung'unika kwa Zuhura dirishani. Nilikuwa na mshukiwa wangu.

"Mimi simsemi mtu," nikamwambia, "lakini kabla mama hajaja choo hiki hakijawahi kuziba. Na vile vitambaa vya mtoto anavyofua, vyote vinarudi kambani? Umevihesabu?"

"Wewe si ndiye mhesabuji," Zuhura akanijibu. "Kamba hiyo hapo."

Nikahesabu. Vilikuwa vyote. Nikaona nimehesabu vibaya, nikarudia. Vikawa vyote tena. Nikasema labda vilikuwa vingi zaidi mwanzoni.

Kwenye saa sita nikaanza kazi. Suruali yangu ni mpya, nimeipata Kabuku baada ya mapambano ya nusu siku, siwezi kuipeleka chembani. Bukta ilikuwa imefuliwa, iko kambani inakauka, naiona. Nikajifunga khanga ya Zuhura kiunoni. Ndani ya khanga hapakuwa na kitu kingine cha kuelezea.

Nikaingiza fimbo. Haikufika. Nikaingiza waya. Ukafika, ukagonga kitu laini lakini kigumu, ukarudi. Nikaingiza mpira wa maji, kile kitu kikanisukumia maji yangu mwenyewe usoni. Jua linakwenda. Nikajifunga kitambaa puani, nikalala kifudifudi, nikapitisha mkono wa kulia kwenye chemba. Nikakigusa kwa ncha za vidole. Nikapitisha wa kushoto. Bado kidogo. Nikapitisha kichwa, nikasukuma mabega, yakabana, nikatoa pumzi yote, yakapita.

Nikakishika. Nikavuta. Kikagoma, nikavuta tena, kikaachia.

Sasa, ndugu zangu, bomba lilikuwa limeshikilia maji ya tangu jana. Ya watu watatu na nepi za wa nne. Yakapata njia, na njia ilikuwa inapitia kwangu. Nilifunga mdomo, nikafunga macho, nikafunga kila kitu kinachofungika. Yakapita kwa heshima zote, yakaelekea karoni, yakaniacha.

Nilifurahi jamani. Nikiwa kule chini, kichwa kinaning'inia, nilifurahi. Bomba limezibuka na saa tisa haijafika. Nikasema sasa nitoke.

Sikutoka.

Mabega yaliyoingia bila pumzi hayakutaka kutoka yakiwa na pumzi. Nikatoa pumzi tena, viwiko vikabana ukutani. Nikajipinda, nikapiga miguu kama chura. Katika kupiga miguu huko, nikasikia upepo mahali ambapo mtu mzima hapaswi kusikia upepo. Khanga ilikuwa imeondoka.

Nikaita: "Zuhura."

Nikasikia kandambili. Kandambili za Zuhura zinakwenda haraka. Hizi zilikuwa zinakuja moja moja, zinapumzika katikati, za mtu mwenye magoti. Niliomba dua zote ninazozijua, na nyingine nikazitunga.

Kandambili zikasimama.

Kuku waliacha kudonoa.

"Mume wangu," sauti ikasema taratibu, "funga macho."

Kisha: "Mume wangu, hebu mwulize baba yako kama yu hai."

Ningefanya nini? Nikajibu kutoka chini, sauti ikagonga zege ikanirudia masikioni: "Hamisi, mwambie bibi yako niko hai, nimebanwa."

"Mwambie asiongee tena. Akiongea anatikisika."

Nikanyamaza. Nikasikia kitu kimetupwa, kikanifunika kuanzia kiunoni. Ilikuwa khanga yake ya kichwani. Halafu Zuhura akatokea mlangoni, akatazama, akaanza kucheka.

"Mama, naomba uniambie huyo si mume wangu. Mama, mshono. Mama, nitafunguka."

"Usicheke. Njoo mchukue mtoto. Simama hapo karibu, nina kazi naye."

Maana bila Hamisi hatuwezi kuongea.

Mama mkwe akaenda jikoni, akarudi na sufuria ya maji ya vuguvugu yenye sabuni. "Mume wangu, mwambie baba yako yanakuja." Akamimina taratibu pembeni mwa mabega yangu, yakapenya. Kisha akachukua kamba ya mbuzi, akanifunga vifundo vya miguu bila kunigusa ngozi, anapitisha kamba juu ya khanga kama anafunga mzigo wa kuni. Zuhura alinisimulia yaliyofuata, mimi sikuona: mama akanipa mgongo, ili asinitazame, akaweka kamba begani, akainama na yale magoti yake, akavuta.

"Mwambie atoe pumzi."

Zuhura kwa niaba ya Hamisi: "Baba Hamisi, toa pumzi."

Nikatoa. Mama akavuta. Nikasogea kiasi cha kidole. Akapumzika, akamwita Mungu, akavuta tena. Mara mbili goti lilimsaliti akapiga moja chini, Zuhura akamwambia mama acha nikaite wanaume. Akamjibu, "Wanaume wakija wataona. Mimi sitazami. Afadhali mimi."

Hapo chembani, na kichwa changu kimejaa damu, ndipo nilipoelewa kitu anachonifanyia yule mama. Angeweza kuita mtu. Wafugaji walikuwa wanapita na ng'ombe barabarani, wale vijana wangenitoa kwa mkono mmoja, na kufikia jioni Handeni nzima ingekuwa na habari yangu. Yeye akachagua magoti yake.

Mvuto wa mwisho ukanitoa kama mhogo. Nikabaki nimelala kwenye majani, nimejikunyata ndani ya khanga ya mama mkwe, ngumi bado imekaza. Nikafungua ngumi tuone ni kitu gani.

Karatasi. Za kaki, nene, zimekunjana zimekuwa donge. Karatasi za mifuko ya saruji.

Hapa sina budi kusema. Maji ya tangi yalikuwa yanapungua na wageni wa kumwona mtoto walikuwa wengi, kila mmoja na ndoo yake. Nikachukua mifuko ya saruji iliyobaki kwenye ujenzi, nikaikata vipande, nikavihesabu, nikavitundika chooni ili watu watumie karatasi wahurumie maji. Nilijisifu kwamba ni imara. Ni kweli ni imara. Imekaa kwenye bomba haijachanika hata kidogo.

Zuhura aliangalia karatasi, akaangalia kamba ya nepi, akaniangalia mimi. Wanawake wakikuangalia namna hiyo ni bora wakutukane.

"Mume wangu," mama mkwe akasema, bado kanipa mgongo, anajisugua viganja, "mwambie baba yako zile karatasi niliziona siku ya kwanza. Nikafikiri ni za kusugulia masufuria. Sisi wengine tunatumia maji."

Viganja vyake vilikuwa vimechubuka kwa kamba. Nikavunja mila. Nikasema moja kwa moja, si kwa Hamisi, "Asante, mama. Nisamehe, mama. Nilikushuku wewe."

"Mume wangu, mwambie nimesikia."

Nikaoga. Nikamwaga ndoo chooni, yakashuka yote, yakaimba. Nikamwaga ya pili kwa uhakika.

Saa tisa gari likafika. Nilikuwa nimejificha nyuma ya nyumba. Nilijua choo ni kizima, lakini mkwe aliyemwona mkwewe katika hali ile ana haki ya kuondoka na asirudi tena, na hakuna mzee atakayemlaumu. Nikamsikia akimwambia dereva, "Mwanangu, pole kwa safari. Kunywa uji, halafu urudi. Sisi tupo mpaka arobaini ipite, na pengine zaidi."

Nilikaa chini pale pale. Sioni haya kusema machozi yalinitoka. (Mengine yalikuwa ya sabuni.)

Gari lilipoondoka, nikaitwa kwa kupitia Hamisi. Nikaenda nikasimama nje ya mlango, yeye yuko ndani.

"Mume wangu, mwambie baba yako jambo la leo lina faini yake. Anajua. Mkwe huondolewa aibu machoni kwa mfugo."

"Hamisi," nikasema, "mwambie bibi yako ni kweli. Nina kuku mmoja mzuri sana, anataga."

"Mwambie ni mbuzi."

"Mwambie kuku wawili na jogoo."

Nikamsikia Zuhura anazuia kicheko, anashika tumbo. Mama mkwe hakuwa na haraka. Nimepatana na watu wengi, ndugu zangu, sijawahi kukutana na mtulivu kama yule.

"Mume wangu," akasema, "mwambie baba yako achague mwenyewe. Akitoa mbuzi, sikuona kitu. Akitoa kuku, niliona kidogo."

"Na nikitoa yai?" nikauliza. Ni mazoea tu, mdomo ulijiendea.

"Akitoa yai, mwezi ujao nina harusi Manundu, na wanawake wa jikoni watataka hadithi."

Nikaenda zizini nikamfungua mbuzi mkubwa, yule jike, nikamleta mpaka mlangoni bila neno la pili.

Basi mbuzi ametoka, mtoto amebaki, na mama mkwe hakuona kitu. Na ninyi mliosoma mpaka hapa, niambieni mapema mnataka kuku au mbuzi, maana ninyi pia hamkuona.