Malalamiko Kuhusu Sponji Lililooshwa

Masinya, Busia, upande wa Uganda

Mkwe wangu mheshimiwa, Mzee Elphas,

Nakuamkia kwa heshima inayomstahili mtu aliyemwoza binti yake Barbara kwa mwanangu Moses. Baada ya hapo, nalalamika rasmi kwamba nyumba yako ni safi kupita kiasi.

Acha nieleze taratibu, maana nilifundisha baiolojia na najua watu husahau. Mjukuu wetu Nangila, anayeishi kwenu upande wa Kenya, ulimnunulia tangi la kioo na samaki. Wakafa wote, ukalaumu chakula. Si chakula, mkwe. Samaki hujisaidia palepale anapoishi, na tangi jipya halina bakteria wa kuila sumu hiyo. Bakteria hao hukaa ndani ya sponji kuukuu la chujio. Ndiyo maana nilivuka mpaka Jumamosi na ndoo ya maji ya tangi langu, samaki wapya, na sponji moja kati ya mawili niliyo nayo: jeusi, linateleza, zuri ajabu. Askari akauliza, "Mzee, hii nayo ni biashara?" Nikamwambia hao ni wafanyakazi wangu, ila hawaonekani. Akanihurumia, akanipisha.

Sasa basi:

1. Mkeo, Mama Barbara, alinipokea ndoo mlangoni. "Mkwe abebe uchafu, majirani watasema nini?" Akaingia nayo jikoni. Wafanyakazi wangu, waliosafiri kwa adabu bila kumsumbua mtu, wakaitwa uchafu.

2. Unajua mila zetu: siwezi kukanyaga jiko la mama mkwe wa mwanangu, wala kumkemea. Nikabaki kwenye kochi na chai mkononi, nikisikia sponji likifikichwa kwa nguvu. Wewe ungeweza kuinuka. Ulinisogezea mandazi.

3. Likarudi jeupe kama mkate, juu ya sinia. Nangila akapiga makofi. Nikasema asante. Asante ile naifuta.

4. Naomba sabuni ifungiwe kabatini kila ninapokuja. Tena wazee wa pande zote mbili wakae, waamue kama mtu anayefuta umma mzima wa bakteria kabla chai haijapoa atozwe kondoo au aombewe kanisani. Na kama Barbara amerithi mkono huo, Moses ajengewe jiko lake.

5. Samaki wakifa tena, utamwambia Nangila wewe mwenyewe. Wale wa kwanza aliwazika nyuma ya nyumba akiimba wimbo wa shule ya Jumapili, na mimi nikashika koleo. Sina moyo wa mazishi ya pili.

Wasalimie wote walio chini ya paa lako, na kuku wao. Mama Barbara msalimie akiwa ameweka brashi chini.

Ni mimi, ambaye subira yake umeifikisha ukingoni,
Mwalimu Fabiano

Nyongeza: Barbara amenipigia simu sasa hivi. Kumbe siku ile mifereji yenu ya jikoni ilikuwa mikavu, na mama yake alilifikicha sponji katika maji ya ndoo yangu, bila sabuni. Hivyo hasa ndivyo inavyotakiwa: tope hutoka, bakteria hubaki. Samaki wa Nangila wanakula na kufukuzana. Wangu wanahema juu ya maji, kwa sababu sponji lililobaki, ambalo nimemkataza kila mtu kuligusa tangu nistaafu, limeziba kabisa. Mwombe Mama Barbara aje Jumamosi. Jikoni kwangu aingie tu. Ndoo nitampokea mimi.